Mida mwezi wa nne: ndege wa pwani wakiondoka, siku kwa siku

Kuwaona ndege wa pwani wa Mida mwezi wa nne ni kazi ya kupanga maji kwanza, ndege baadaye. Hori hili limo ndani ya eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu, kusini mwa Malindi: kilomita za mraba 32 hivi za tope, mchanga na mikoko, na maji yake yote huingia na kutoka kwa mlango mmoja upande wa Uyombo. Yakipwa, ndege hutawanyika juu ya tope mpaka wanabaki nukta. Yakijaa sana, tope lote hufunikwa nao huhamia visiwani, Kirepwe na Sudi, kupumzika. Kati ya hali hizo mbili kuna saa mbili au tatu tu za kazi, na anayezikosa hurudi na orodha ya yangeyange.

Siku zilizomo humu zimepangwa kwa mwezi wa angani. Pwani ya Kenya, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu saa nne. Kila siku yanachelewa, mara nyingine dakika 40, mara nyingine saa nzima. Mwezi ukiwa nusu ndiyo maji mafu, na mambo hugeuka: kujaa saa nne, kupwa saa kumi. Sasa ongeza jua. Daraja la mbao la Mida liko ukingo wa magharibi, kwa hiyo asubuhi jua linakupiga usoni na alasiri liko mgongoni. Siku nzuri ni zile ambazo maji yanapanda kuanzia mchana na kujaa kati ya saa nane na saa kumi, yaani mwezi siku ya 12 hadi 15, au siku ya 27 hadi 29. Siku nyingine si bure, ila zina kazi nyingine.

Na kwa nini katikati ya mwezi wa nne? Kwa sababu hapo ndipo zamu inapobadilishana. Kaskazi imelegea, kusi inaanza kuvuma kutoka mgongoni mwa anayeelekea kaskazini, na masika iko njiani. Ndege hawaondoki wote pamoja. Wanaozalia karibu, Ghuba na Asia ya Kati, huanza kuondoka tangu mwisho wa mwezi wa tatu. Wanaozalia Siberia ya kaskazini kabisa huondoka mwisho, kwa maana theluji ya huko haiyeyuki kabla ya mwezi wa sita na hakuna faida ya kuwahi kufika kwenye barafu. Katikati ya mwezi wa nne unawakuta wa kwanza wakimalizikia na wa mwisho wakiwa wamevaa rangi zao kamili.

Siku ya kwanza. Mwezi siku ya 9. Maji kujaa saa tano na robo asubuhi.

Maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita moja, na sehemu kubwa ya tope haifuniki. Ndege hawana sababu ya kukusanyika. Usihesabu siku kama hii. Nambari yoyote utakayoandika itakuwa ndogo na haitalinganishwa na kitu. Itumie kupanga vyombo na kuzoesha jicho.

Darubini ya mkono ya 8x42 inatosha kwa mikoko na vijito vya karibu. Kwa tope la mbali lazima darubini ndefu ya stendi, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Daraja la Mida limening'inizwa kwa nyaya juu ya mikoko, hivyo kila anayepita analitikisa, na kwa ukuzaji wa mara 40 mtikisiko huo unafanya ndege wote waonekane wanacheza ngoma. Stendi isisimame katikati ya daraja. Ifikishe kwenye kibanda mwisho wa njia, fupisha miguu yake, na utazame umeketi. Ukuzaji uanze mara 25. Panda zaidi pale tu ndege anapotulia. Kuanzia saa tatu asubuhi mazigazi yanainuka juu ya tope lililolowa, na kukuza zaidi ni kukuza mazigazi yenyewe. Ada ya kupita darajani huingia katika mfuko wa karo wa mradi wa ASSETS, unaosomesha watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu, kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta njia ya panya.

Kwenye kijito kilicho chini ya kibanda kuna walimu watatu wa bure. Sululu mdogo (Numenius phaeopus) ana mdomo uliopinda chini na mistari miwili ya giza utosini. Akiruka hutoa mlio wa haraka wa noti saba hivi za sauti moja. Chamchanga mwenye mdomo uliopinda juu (Xenus cinereus) ana miguu ya rangi ya chungwa na hukimbia ameinamisha kichwa, akigeuka ghafla kumfuata kaa. Mwezi huu mabegani mwake kuna mistari miwili myeusi ambayo mwezi wa kwanza haikuwapo. Wa tatu ni chamchanga mkubwa mwenye miguu ya kijani (Tringa nebularia), ambaye husema "tyu-tyu-tyu" mara tatu na kuwashtua wenzake wote. Jifunze mwendo wao leo wakiwa mita 30, maana kesho kutwa utawatambua kwa mwendo tu wakiwa mita 300.

Siku ya pili. Mwezi siku ya 10. Kujaa saa sita na dakika 20 mchana.

Asubuhi hii ni ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ng'ambo ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Ingia kwa kituo cha msitu cha Gede saa kumi na mbili na nusu, ndege wakiwa bado wanaimba. Kufika saa tatu msitu umenyamaza.

Wengi huja Sokoke kwa ajili ya bundi mdogo wa msitu huu. Mwezi wa nne kuna jambo jingine linalopita bila kutajwa: wakati wageni wa kaskazini wanaondoka, wageni wa kusini wanaingia. Kirumbizi wa Ulaya (Oriolus oriolus) bado yuko juu ya miti ya mrihi, akipita. Chini yake, kwenye majani makavu, anaanza kuonekana ndege mwenye madoa makubwa meusi kifuani, Geokichla guttata, ambaye hukaa huku miezi ya baridi na kuzalia kusini zaidi. Pita wa Afrika naye huja usiku kutoka kusini kwa majira hayohayo, na magofu ya Gede ni mahali pake panapojulikana. Wote wawili hutafutwa kwa masikio. Simama, usitembee, sikiliza majani yakipinduliwa kwa dakika tano, kisha inua darubini. Anayetembea huku anatazama ataona migongo ikitokomea.

Saa nane mchana rudi Mida kwa nusu saa tu, uone maji ya siku ya 10 yamefika wapi kwenye mizizi ya mikoko. Weka alama kwa macho: mchu fulani, jiwe fulani. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, linatoa saa ya bahari ya wazi, na humu ndani maji huchelewa kwa sababu yanabanwa na mlango. Alama yako ndiyo itakayokusahihishia jedwali siku zinazofuata.

Siku ya tatu. Mwezi siku ya 11. Kujaa saa saba na dakika 10.

Maji yanapanda jua likiwa utosini. Ni saa mbaya kwa ndege wadogo wa kijivu, lakini kuna ndege mmoja ambaye mazigazi hayamfichi: mla-kaa, Dromas ardeola. Mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi kama sururu. Hakuna mwingine wa kumfananisha naye, na yeye ndiye sababu Mida inajulikana na watazama ndege wa nchi za mbali.

Mwezi wa kwanza huwa kwa mamia. Sasa wazima wengi wameshatangulia, na waliopo wamesimama mstari mmoja ukingoni mwa maji, nyuso zote zikitazama upepo. Asilani usiandike "walakaa" bila kutenganisha umri. Mzima ni mweusi na mweupe wa kukata; kinda la mwaka jana lina mgongo wa kijivu uliofifia na michirizi kisogoni. Kinda bado humfuata mzazi na kumwomba chakula, ingawa tangu lizaliwe imepita miezi mingi. Kwa ndege wa pwani hilo ni ajabu. Wengi wao huachwa wajitegemee hata kabla ya kuanza safari ya kwanza.

Wanakokwenda ni fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, kilomita 2,000 hadi 3,000 na zaidi kutoka hapa. Wasomaji walioko Muscat na Abu Dhabi wanaweza kuwaona mwisho mwingine wa safari hiihii. Huko huchimba mashimo ndani ya mchanga, wengi pamoja, na jike hutaga yai moja jeupe ndani ya giza. Ndege wa pwani kwa kawaida hutaga mayai ya madoa juu ya ardhi wazi. Huyu hana haja ya madoa kwa kuwa hakuna anayeliona. Joto ndani ya shimo hukaa karibu nyuzi 35, kwa hiyo mchanga wenyewe husaidia kuatamia. Hiyo pia ndiyo sababu wanaondoka mapema: wanahitaji miezi ya joto kali, na kaa wako tayari.

Namna ya kuwahesabu: subiri maji yafike kwenye vifundo vyao. Kabla ya hapo wanatembeatembea na utahesabu mmoja mara mbili. Baada ya hapo wataruka. Una kama dakika 20. Hesabu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kulia kwenda kushoto. Nambari zikitofautiana kwa zaidi ya moja kwa kumi, rudia.

Siku ya nne. Mwezi siku ya 12. Kujaa saa nane kasoro dakika tano.

Hii ndiyo siku ya kazi. Uwe kibandani saa tano na nusu, maji yakiwa bado mbali, uwapate ndege wakija. Wanakuja kwa mawimbi. Kwanza sululu, kwa sababu hula kwenye tope la mbali linalofunikwa mapema. Kisha vitwitwi na chamchanga wadogo, maelfu ya miguu ikikimbia mbele ya ukingo wa maji. Mwishoni wote wamebanwa kwenye ukanda wa tope wa mita 100 mbele yako, na jua limeshavuka kwenda nyuma.

Chamchanga mdomo-mpinde (Calidris ferruginea) ndiye wa kukaziwa macho. Mwezi wa kwanza ni kijivu na mweupe. Leo dume amekuwa mwekundu wa matofali kuanzia usoni hadi tumboni, na mdomo mrefu mweusi uliopinda chini mwishoni. Jike ni mwekundu hafifu, ana michirizi myeupe tumboni, na mdomo wake ni mrefu kidogo kuliko wa dume. Akiruka, kiuno ni cheupe. Huyu anakwenda Siberia ya kaskazini. Mpaka rasi ya Taimyr ni kama kilomita 9,500 kwa mstari ulionyooka. Akiwa hapa bila haja ya safari ana gramu 55 hivi. Anayekaribia kuondoka hufikia 80 na zaidi, na mafuta hayo yanaonekana: kifua na tumbo vimejaa, nyuma chini ya mkia kumevimba, na anatembea kwa uzito. Katika safu ya maelezo andika mambo mawili, kiasi cha wekundu (robo, nusu, kamili) na tumbo (bapa, mviringo, limeshuka). Nambari peke yake haisemi nani ataondoka wiki hii. Mambo hayo mawili yanasema.

Vitwitwi wa mchangani ndio wanaogombanisha watu, na mara nyingi ugomvi unatokana na kitabu. Kuna mkubwa, leschenaultii, na mdogo ambaye vitabu vya zamani vinamwita mongolus. Orodha mpya zimemgawa mdogo huyo kuwa aina mbili, na wa kwetu ni atrifrons, anayezalia nyanda za juu za Tibet. Vitabu vingi vinasema pima mdomo: ukiwa mrefu kuliko nafasi kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, ni mkubwa. Kanuni hiyo ni nzuri mashariki ya Asia na Australia. Hapa inaangusha, kwa kuwa atrifrons ana mdomo mrefu kuliko nduguye wa mashariki, na tofauti inapungua. Mwezi wa nne tumia paji la uso. Dume la atrifrons lenye rangi kamili lina paji jeusi tii, au karibu tii; mkubwa ana mabaka meupe juu ya mdomo. Ongeza miguu: ya mkubwa huelekea kijani cha kijivu, na akiruka vidole vinapita mwisho wa mkia. Ya mdogo ni ya giza na vidole havipiti, au vinapita kidogo mno. Asiyetimiza sifa mbili kati ya hizo aandikwe "kitwitwi wa mchangani, aina haikutambuliwa". Safu hiyo isiyotambuliwa ikiwa tupu kabisa, orodha nzima inatia shaka.

Kitwitwi wa kijivu (Pluvialis squatarola) hana tatizo. Hata akiwa hajavaa kitu cha maana, akiinua bawa kwapa ni jeusi. Leo wachache wameshakuwa weusi kuanzia uso hadi tumbo.

Hesabu ya kundi kubwa: chagua ndege kumi, uone wanachukua nafasi gani ndani ya kioo, kisha pima kundi kwa nafasi hiyo. Kosa la kawaida ni kuchukua kumi wa katikati, ambako wamesongamana, na kukadiria pembeni kwa kipimo hichohicho. Matokeo yanakuwa makubwa kupita kweli. Chukua kumi wa katikati na kumi wa pembeni, kila sehemu kwa kipimo chake. Ndege waliochanganyika wahesabiwe jumla kwanza, halafu sampuli ya mia moja igawanywe kwa aina.

Ukiona pete au kibendera mguuni, acha hesabu. Andika mguu (wa kulia au kushoto wa ndege, si wako), juu au chini ya goti, rangi kutoka juu kwenda chini, na herufi kama zinasomeka. Rangi ya kibendera ndiyo inayotaja nchi alikofungwa, kwa hiyo "kibendera cha rangi hafifu" hakimsaidii mtu. Piga picha hata mbaya. Mwanga wa chumvi na tope huugeuza mweupe kuwa manjano, na njano kuwa chungwa. Picha mbili za pembe tofauti hutatua hilo.

Siku ya tano. Mwezi siku ya 13. Mvua.

Mvua ya masika imeshuka tangu alfajiri hadi saa nne. Hori halionekani. Usikae kibandani kusubiri. Mvua kama hii huwashusha wasafiri wa nchi kavu, na kazi iko barabarani, magharibi ya msitu, kwenye mashamba na nyaya za umeme.

Kambu wa Ulaya (Coracias garrulus) wako juu ya nyaya, mmoja kila nguzo mbili tatu, samawati yao ikiwa imeshika maji na kuonekana kama kijivu. Ukiwatazama ukitafuta rangi utawapita. Tafuta umbo: kichwa kikubwa, mdomo mnene, mkia usio na nyuzi ndefu za pembeni. Mwenye nyuzi ndefu na kifua cha zambarau ni kambu wa hapahapa. Mbwigu mwenye mgongo mwekundu (Lanius collurio) yuko kwenye miiba ya chini. Mbayuwayu wa Ulaya wanapita chini-chini bila kusimama, wote upande mmoja.

Mvua ilipokatika kumbikumbi walitoka, na juu yao kozi wa Amur, miguu myekundu, wakila hewani. Ndege hawa wanatoka kusini mwa Afrika na kuzalia mashariki ya mbali ya Urusi na kaskazini mwa China. Hufuata mvua kwa sababu ya kumbikumbi haohao. Dakika 40 baadaye hakuna hata mmoja.

Keremkerem wekundu waliokuwa wakilala kwenye mikoko ya Mida tangu mwisho wa mwaka hawakuonekana. Tarehe ya kutoonekana nayo huandikwa.

Siku ya sita. Mwezi siku ya 14. Kupwa saa tatu asubuhi, kujaa saa tisa na robo.

Maji yamekuwa makubwa. Kupwa kwa leo kunaacha wazi fungu la mchanga na tope hadi mbali, na kishawishi cha kushuka na kutembea ni kikubwa. Inawezekana, kwa masharti. Vaa viatu vinavyofungwa; chaza walioshika mizizi wanakata kama wembe. Nenda na mtu wa Dabaso au Mida anayejua tope lipi linabeba mtu na lipi linameza hadi paja. Na ujue maji yanavyopanda. Kupanda kwake hakulingani saa hadi saa: ukigawa kimo chote mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa kimo cha mita 3, saa ya kwanza ni sentimita 25 tu, unaona kama utani. Saa ya tatu na ya nne ni sentimita 75 kila moja. Hatari si maji yaliyo mbele yako. Ni vijito vilivyo nyuma, ambavyo hujaa kabla fungu ulilosimama halijalowa. Saa ya kwanza ya kupanda ikiisha uwe umeshavuka kijito cha mwisho. Ndege nao wanashukuru, maana kila ukiwarusha unawachomea mafuta ya safari.

Alasiri, baada ya kujaa, ndiyo saa ya kuwaona wakiondoka. Wengi hufunga vyombo saa kumi, maji yakianza kutoka, wakidhani siku imekwisha. Kaa. Kati ya saa kumi na moja na machweo, ambayo hapa ni kama saa kumi na mbili na dakika 20, kundi lililokuwa limelala linaanza kelele. Wanaoga, wanajitia mafuta manyoya, wanaruka mita chache na kutua. Kisha kiasi cha 30 wanainuka, wanazunguka mara mbili juu ya mikoko wakiita bila kukoma, na badala ya kushuka wanaendelea kupanda. Kundi linajipanga mstari wa mshazari, halafu umbo la V lenye mkono mmoja mrefu. Wanne wanajitoa na kurudi chini. Waliobaki wanashika kaskazini, kidogo mashariki, hadi darubini haiwapati.

Andika hivi: saa, aina, idadi iliyopanda, idadi iliyorudi, mwelekeo kwa dira, upepo, hali ya maji. Usiandike kuondoka kabla hazijapita dakika kumi. Kuna kuruka kwa uongo kwingi, hasa mwewe akipita, na kundi zima linaweza kurudi kutua mahali pale pale. Alama ya kuaminika ni sauti pamoja na kimo. Waliorushwa na mwewe hunyamaza na kubaki chini; wanaosafiri huita na kupanda.

Siku ya saba. Mwezi siku ya 15. Kupwa saa nne kasorobo asubuhi.

Mdomo wa mto Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi. Toka alfajiri. Maji yakiwa yanatoka, mafungu ya mchanga kwenye mdomo wa mto yanabaki wazi na shakwe na buabua wanapumzika hapo kwa mamia. Jua linatokea baharini, kwa hiyo zunguka ufukweni na usimame upande wa bahari ukitazama mtoni. Ukibaki upande wa matuta utaona vivuli vitupu. Mto baada ya mvua umekuja mwekundu wa udongo na kijito cha pembeni kimehama. Njia ya mwezi uliopita haina dhamana.

Shakwe wa hapa wa kutazama ni mwenye kichwa cha rangi ya moshi (Ichthyaetus hemprichii), anayezalia Bahari ya Shamu na Arabuni. Kati ya buabua, yule mwenye mdomo wa chungwa ni Thalasseus bengalensis. Watazame wakiwa wametua. Wakiruka, mwanga wa mchanga unabadilisha rangi ya mdomo. Juu ya nyasi za ukingo kuna pratinkoli wa Madagaska wa kwanza, wachache tu. Hawa wamekuja kutoka kusini-mashariki kukaa hapa miezi ya kusi, na idadi yao itapanda hadi katikati ya mwaka wakati tope la Mida limebaki karibu tupu.

Orodha zote, za Mida, Sokoke na Sabaki, zipelekwe Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, kila orodha peke yake. Kila moja iwe ndani ya mraba wake wa dakika tano kwa dakika tano za latitudo na longitudo, ambao hapa ni kilomita 9 hivi kila upande, na iwe na angalau saa mbili za kutazama kwa bidii, aina zikifuatana kwa mpangilio ulioziona. Orodha ya Mida ikichanganywa na ya msitu wa ng'ambo ya barabara haifai kitu kwa anayechora ramani.

Katika daftari la Mida, iongezwe safu moja ambayo fomu haiulizi: wa kijivu. Kati ya chamchanga, vitwitwi na sululu waliobaki kuna wasio na hata unyoya wa rangi, matumbo bapa, wanaolala wakati wenzao wanapiga kelele. Hao ni wa mwaka wa kwanza, na wengi wao hawataondoka; watapitisha kusi yote hapahapa. Kundi la kijivu likiwa kubwa, mwaka jana kaskazini walizaliwa wengi na wakafika salama. Likiwa dogo, kuna lililoharibika huko au njiani. Kwa hiyo wahesabiwe mbali na wenye rangi, kwa kila aina, maji yakiwa yaleyale ya siku ya 12, na wahesabiwe tena mwezi wa saba mwezi wa angani ukifika siku hiyohiyo.